Mwalimu Mdogo wa Darasa la Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimeripoti shule mpya leo, na harufu yake naijua tangu zamani: chaki yenye unyevu, choo, na chai ya walimu iliyochemshwa hadi ikakata tamaa. Nimepewa darasa la sita. Mwalimu mkuu alinipokea kwa mikono miwili, akasema, "Hapa sisi ni familia, mwalimu." Kila nilipoambiwa hivyo kazini, kulikuwa na mtu anayetaka nibebe mzigo wa mwenzake. Lakini huyu nimempenda. Ana sauti ya upole, na watoto anawaita kwa majina yao.

Naibu wake ni mama mmoja mkavu wanayemwita Kengele, kwa sababu ndiye anayeipiga na hajawahi kuichelewesha. Hakunisalimu. Aliniambia nimechelewa, basi. Huyo nimemchukia papo hapo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nusu ya walimu hawakutokea.

Jumatano, 5 Machi

Mvua tena. Kuna nafasi moja kwenye dawati la dirishani haijakaliwa tangu nije. Nikauliza mwenyewe yuko wapi. Darasa zima likanijibu, tena bila kushangaa, "Anafundisha."

"Anamfundisha nani?"

"La pili, mwalimu."

Nikaenda kuona kwa macho yangu. Mwalimu wa darasa la pili alihamishwa mwaka jana na hajaletwa mwingine. Mbele ya ubao alisimama msichana mwembamba, sketi imeshamfupia, chaki mkononi. Watoto wale wadogo walikuwa wametulia kuliko wangu. Alikuwa ameinama kwenye daftari la mtoto mmoja aliyekosa hesabu zote za kutoa.

"Shikamoo, mwalimu," akaniambia, kisha akanieleza kana kwamba mimi ndiye mgeni wa ukaguzi. "Huyu hakosei ovyo. Ana kanuni yake. Kila mahali anatoa kidogo kwenye kikubwa, hajali kipi kiko juu. Nikimwambia amekosa atalia tu. Kwa hiyo nampa hesabu ambayo kanuni yake itamchekesha mwenyewe."

"Hesabu gani?"

"Kumi na moja kutoa tisa. Kwa kanuni yake atapata kumi na nane. Halafu namuuliza, una maembe kumi na moja, umekula tisa, yamebaki kumi na nane, yametoka wapi?"

Nimefundisha watu wazima wenye vyeti ambao hawawezi kuona hilo. Nilirudi darasani kwangu nikiwa na furaha ambayo sijaipata kazini muda mrefu. Ndipo nikajiuliza, huyu mtoto mwenyewe anafundishwa saa ngapi?

Ijumaa, 7 Machi

Jibu ni kwamba hafundishwi. Nimewauliza wenzangu chumba cha walimu, wakacheka. Wanamwita Mwalimu Mdogo. "Huyo ni mwenzetu," alisema mwalimu wa hesabu bila kuinua macho kwenye simu yake, anakochezea drafti kutwa. "Tukimkosa huyo, tutafunga shule." Daftari za darasa la tano zilikuwa zimerundikwa pembeni yake. Baadaye nikaziona kwenye magoti ya yule msichana, pale chini ya ngazi, na kalamu nyekundu mkononi. Anasahihisha wakati wenzake wanacheza.

Mwalimu wa hesabu ni mnene, mchangamfu, ana utani mwingi. Kuanzia leo sicheki tena utani wake.

Jumatatu, 10 Machi

Mkutano. Ofisi ya elimu imetangaza kwamba kila shule ya serikali itafute watoto wenye vipawa katika darasa la sita. Watapimwa kwa mtihani mmoja, na watakaofanya vizuri watahamishiwa darasa maalumu katika shule ya bweni yenye maktaba na maabara, gharama zote juu ya serikali. Mkuu alisema kwa ile sauti yake, "Tuwaonyeshe kwamba na sisi vipawa tunavyo." Walimu wakapiga makofi kana kwamba vipawa hivyo wamevizaa wao.

Mimi nilikuwa namfikiria mtoto mmoja tu.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Nimemrudisha msichana kwenye dawati lake. Mkuu akaja mlangoni akitabasamu, akamwazima "dakika chache tu". Hakumrudisha.

Jumatano, 19 Machi

Kesho mtihani. Walimu tunabadilishana shule ili tusiwasaidie watoto wetu, kwa hiyo mimi nasimamia shule ya ng'ambo ya mto. Nimemwambia msichana alale mapema. Akasema, "Sawa, mwalimu," kisha akauliza kama la pili watakuwa na mapumziko kesho. Nikamwambia hilo si la kwake.

Ijumaa, 21 Machi

Nimechafukwa na moyo. Naandika nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitavunja kitu.

Jana walimu walikuwa wachache. Wengine tulikwenda kusimamia, wengine mvua iliwafungia makwao, au ndivyo walivyosema. Watoto wa la pili wakaanza kupiga kelele na kuwasumbua watahiniwa. Basi mwalimu mkuu, baba wa familia yetu, akaingia chumba cha mtihani kabla karatasi hazijagawiwa, akamtoa msichana yule kwenye kiti chake, akampeleka akawanyamazishe wadogo ili wenzake wafanye mtihani kwa utulivu. Mtihani wa kutafuta watoto wenye vipawa. Kwenye orodha akaandikwa kwamba hakuwepo.

Nilimuuliza mkuu asubuhi mbele ya watu. Hakuona haya wala soni. "Mwalimu, ungenishauri nini? Watoto wenzake wangekosa umakini." Sura yake ilikuwa ya mtu aliyefanya jambo la busara.

Wenzangu wakanywa chai yao.

Nikaenda kumtafuta msichana. Hakuwa analia. Aliniambia la pili jana walitulia vizuri sana, na yule wa kumi na moja kutoa tisa sasa anapata.

Jumatatu, 24 Machi

Nilidhani Ijumaa nimefika mwisho wa kichefuchefu. Kumbe ulikuwa mwanzo.

Nimemwambia mkuu aombe mtihani wa marudio kwa mtoto mmoja. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa. "Haiwezekani tena, mwalimu. Majibu ameshayaona."

"Ameyaona wapi?"

Akamtazama mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa hesabu akaweka simu chini, jambo ambalo silioni kila siku. Karatasi za mtihani zilitakiwa kusahihishwa hapa hapa shuleni kwa kufuata mwongozo wa majibu, na kazi hiyo alipewa yeye. Ijumaa mchana akampa msichana karatasi zote pamoja na mwongozo. Amezisahihisha zote, akajumlisha, akapanga nani wa kwanza na nani wa mwisho.

"Na hakukosea hata moja," alisema mwalimu wa hesabu. Alitaka kumsifu.

Yaani walimnyima mtihani, kisha wakamsahihishisha mtihani huo huo, sasa kusahihisha kwake ndiyo sababu ya kumnyima tena. Nikawaambia hivyo, taratibu, kama ninavyowaeleza watoto. Mkuu akanisogelea na kunishika bega. Akasema nisilikuze jambo, maana ofisi ya elimu ikijua mwanafunzi alisahihisha, matokeo ya watoto wote yatafutwa. "Utawaumiza wengi kwa ajili ya mmoja. Fikiria, mama."

Sikujua kwamba mtu anaweza kusema maneno ya uoga kwa sauti ya upole hivyo. Nilinawa bega nilipofika nyumbani.

Jumatano, 26 Machi

Nimemsimulia mume wangu. Ni fundi wa kufuli, na huwa anasikiliza huku anachonga funguo, hanitazami. Nilipomaliza akazima mashine.

"Utakwenda kusema?"

"Nitakwenda."

"Basi nianze kufunga vyombo. Uhamisho huu utakuwa wa ngapi?"

"Wewe cheka tu."

"Sicheki, mke wangu. Vyombo tutafunga. Nilitaka tu kujua kama tuanze na vya jikoni."

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Mkuu amenisalimia mara mbili.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nilikwenda hospitalini anakofanya kazi mama yake msichana. Anafua mashuka. Tuliongea mlangoni pa chumba cha kufulia, mikono yake imekunjamana kwa maji, na ndani mashine zinaunguruma hadi tukawa tunapiga kelele bila kutaka.

Nilidhani atakasirika. Aliogopa. "Walimu wanampenda mno mwanangu, mwalimu. Juzi mwalimu mkuu alinisimamisha njiani mbele za watu akanishukuru. Mimi, mfua mashuka. Sasa nikiwapeleka mbele, si watamgeuka?"

"Wanampenda kwa sababu anawafanyia kazi, dada."

"Hata mimi hapa wananipenda kwa sababu hiyo," akasema, akafuta mikono. Kisha akaniambia mtoto akirudi nyumbani husoma vitabu vya la saba alivyoazima, ili afidie anachokosa. Akasema nifanye ninaloona linafaa, ila mwanawe asije akaitwa mwongo. Niliondoka nikiwa na hasira mpya, safari hii kwa niaba ya watu wawili.

Jumanne, 8 Aprili

Ofisi ya elimu. Benchi, kisha benchi jingine. Hatimaye nikafikishwa kwa mama mmoja anayehusika na upimaji wa vipawa. Alikuwa na mafua makali, leso imemganda puani, na nilijua kabla sijafungua mdomo kwamba atanifukuza. Nilimweleza yote, pamoja na kalamu nyekundu.

Aliniacha nimalize. Akauliza, "Alijumlisha na kupanga? Peke yake?" Nikasema ndiyo. Akapenga kamasi. "Na hamkuona kwamba huo ndio mtihani?"

Akasema matokeo ya wengine hayatafutwa, karatasi atazipitia mwenyewe. Kumbe ndivyo inavyowezekana. Msichana naye atapimwa kwa mdomo, kwa maswali ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote. Lakini utaratibu unataka kwanza walimu wa shule watoe maoni yao kuhusu mtoto. Nikasema hilo halina shida, maana hakuna mwalimu asiyemjua.

Hapo nilijidanganya.

Alhamisi, 10 Aprili

Habari zimefika kabla yangu. Kiti changu kimehamishiwa karibu na ndoo inayokinga maji ya bati. Kikombe changu hakionekani.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuna anayeongea nami ila Kengele, aliyesema nimechelewa. Sikuwa nimechelewa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua kubwa. Walimu tuliofika ni mimi, Kengele na mkuu. Msichana alishika la pili na la tatu kwa pamoja, amefungua mlango wa kati, anakwenda huku na huku. Mwalimu wa la tatu alikuja baada ya mvua kuisha, mkavu, akamshukuru kwa kumpa nusu ya andazi lake. Nusu. Nimeiona kwa macho yangu.

Jumanne, 29 Aprili

Mpimaji amekuja. Ametukusanya chumba cha walimu, leso mkononi, akaomba kila mmoja aseme anavyomjua mtoto.

Mwalimu wa hesabu alianza. "Ni mtoto wa kawaida tu. Mtiifu. Kichwani ni wa wastani." Aliyasema haya huku kiwiko chake kimeegemea rundo la daftari za la tano, na kila ukurasa wa rundo lile una mwandiko wa mtoto huyo wa wastani.

Mwalimu wa la tatu akasema hana la kuongeza. Mwingine akasema watoto wa siku hizi wote ni werevu kwa ajili ya simu. Mkuu alikuwa wa mwisho wao, na alisema vizuri kuliko wote. "Ana moyo wa kujitolea, huyu binti. Lakini kujitolea ni jambo moja, na kipawa ni jambo jingine. Tusimtwike mtoto matumaini yasiyo yake. Huko mbali ataumia. Hapa ana familia."

Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nadhani ni wazembe. Wazembe ungewasamehe, wangekuwa wamempita mtoto bila kumwona. Hawa wamemwona vizuri kabisa. Walimgundua zamani, kabla ya ofisi yoyote kutuma tangazo, na walipomgundua wakamfunga kwenye mkokoteni wao. Nilitazama midomo yao ikimung'unya mkate nikaona kinyaa cha kukaa nao chumba kimoja.

Nilifungua mdomo, lakini Kengele alikuwa amekwisha kusimama.

"Ratiba ya shule hii aliipanga yule mtoto," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuniambia nimechelewa. "Walimu hawatoshi, vipindi vinagongana, mimi nilihangaika nayo likizo nzima ikanishinda. Nikampa. Akaniuliza maswali machache, akanirudishia kesho yake, na hakuna kipindi kilichogongana. Ukutani pale ni kazi yake. Jina langu ndilo liko chini. Nimemtumia kama wenzangu walivyomtumia. Mwandike, mama. Sisi wengine tunasema uongo hapa."

Akaketi, kisha akasimama tena, maana ilikuwa saa ya kengele.

Mwezi mzima na zaidi nimemchukia mwanamke yule kwa sababu hatabasamu. Na mwenye tabasamu nilimpenda kwa siku nyingi mno.

Baada ya hapo mpimaji alikaa na msichana stoo, katikati ya majembe na mipira iliyopasuka. Walikaa hadi tukasahau chakula. Mlango ulipofunguliwa wote wawili walikuwa wanacheka, na mpimaji alikuwa ameacha leso yake ndani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nafasi yake ipo. Akikubali tu yeye na mzazi wake."

Nikafikiri yamekwisha.

Ijumaa, 2 Mei

Ofisini kwa mkuu: mkuu, mpimaji, mimi, msichana na mama yake aliyevaa viatu vya kuazima. Mpimaji alieleza yote, bweni, maktaba, likizo. Mama alilia kidogo akakubali. Mpimaji akamgeukia msichana.

"Na wewe, mwanangu, unataka kwenda?"

"La pili watakaa na nani?"

Mkuu akaegemea kiti chake, uso umemkunjuka kwa furaha. "Unaona?" akamwambia mpimaji. "Anaipenda shule yake. Sisi hatukumfunza hayo."

Ningekuwa mwanamume wa rika lake ningemtoa nje kwa ukosi wa shati. Mtoto wa miaka kumi na miwili amekalishwa mbele ya mlango wa maisha yake, anakataa kuingia kwa sababu watu wazima walioajiriwa hawaendi kazini, na mkuu wao anajisifia.

"Nitakaa nao mimi," nikasema.

Msichana akanigeukia. Hakuonyesha shukrani yoyote. Alinitazama kama alivyolitazama lile daftari siku ya kwanza, akitafuta kosa liko wapi.

"Kila siku, mwalimu?"

"Kila siku."

"Na siku za mvua?"

Nikasema na siku za mvua. Mama yake akamvuta mkono kwa aibu, lakini yeye hakuniondolea macho.

"Basi nitaondoka wiki ijayo mwishoni," akasema. "Nikuangalie kwanza."

Mpimaji alitazama dirishani. Nikasema sawa.

Jumatatu, 5 Mei

Kengele amebadilisha ratiba, safari hii kwa mkono wake. Asubuhi nipo la pili, mwalimu wa hesabu anachukua la sita. Amenuna. Msichana amekaa nyuma kabisa humo la pili, mikono amekunja, ananiangalia.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Nilifika. Ameniambia kwa adabu kwamba naongea haraka.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua ya mawe. Mume wangu alinifunika kwa turubai la karakana hadi geti la shule, watu wakatucheka njia nzima. Msichana alikuwa kizingitini akitazama barabara. Aliponiona akaingia darasani kwake, la sita, akakaa kwenye dawati la dirishani.

Jumapili, 11 Mei

Ameondoka leo na mama yake. Mkuu aliwasindikiza hadi barabarani na kupiga nao picha. Ataitundika ofisini, naijua mikono yake. Niliona afadhali nisiende karibu.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tangu alfajiri, ile nene inayofuta njia. Daraja la mto lilifunikwa, nikazungukia juu, viatu mkononi. Nilichelewa, na safari hii Kengele akiniambia nimechelewa atakuwa na haki.

Nilipokaribia la pili nikasikia sauti ya mtoto inafundisha. Nikasimama. Kwa muda nilidhani ni yeye, kwamba amekataa njiani akarudi.

Alikuwa msichana wa darasa la tano, mfupi, amesimamishwa juu ya kiti ili aufikie ubao. Mkuu alikuwa mlangoni, mwavuli wake unachuruzika, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi.

"Nilijua hutakuja, mama, kwa mvua hii," akasema kwa upole. "Na huyu nimemwona juzi tu. Mwepesi ajabu. Utampenda."

Nilimpita. Nilimshusha mtoto kwenye kiti kwa mikono yangu iliyolowa, nikamwambia arudi darasani kwake, kipindi chake kimeshaanza. Akamtazama mkuu kwanza. Kisha akanitazama mimi, macho yanamng'aa, vumbi la chaki limemjaa hadi kwenye nyusi. Hakuna aliyewahi kumchagua kwa jambo lolote kabla ya leo, hilo lilionekana wazi.

"Kesho nije tena, mwalimu?"

Alitaka niseme ndiyo.